Gari la Biashara ni Gari Gani?

Hotuba iliyosomwa na ofisi ya karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati ilituagiza sisi tulio katika ofisi ya karani tutayarishe maneno machache juu ya jambo lililozungumzwa sana katika vikao vyetu vya mwaka huu, yaani gari la chama. Fedha za gari hilo zimechangwa kidogo kidogo, na mkutano wa leo ndio utakaoamua zitumikeje. Wengine wetu wataka lori. Wengine wataka basi dogo. Na wengine wasema kwamba lori moja litatosha kwa kazi zote mbili: siku za kazi libebe mahindi, viazi na mbao za wanachama, na siku ya msiba libebe jeneza pamoja na waombolezaji hadi nyumbani.

Hatukusimama hapa ili kumshinda mtu kwa maneno. Twataka kila mmoja, kabla hajainua mkono wake, ajue ni magari gani ambayo sheria ya nchi huyaita magari ya biashara, huyagawa katika mafungu gani, na kwa nini mgawanyo huo wahusu maisha ya watu wetu wala si karatasi za ofisini tu.

Katika mazungumzo ya kila siku sisi sote husema "gari la biashara" tukiwa na maana ya gari lolote linalomwingizia mwenyewe fedha. Matatu ni biashara, teksi ni biashara, lori la mchanga ni biashara. Kwa maana hiyo wazee kadhaa walisema katika kikao cha kamati kwamba gari letu halitakuwa la biashara hata kidogo, kwa sababu chama hiki hakitafuti faida, bali watu husaidiana. Hoja hiyo ni ya heshima, nayo yatoka katika moyo mwema. Lakini sheria haiulizi habari za moyo. Huuliza maswali mawili tu: Gari hili liliundwa libebe nini? Na sasa lafanya kazi gani?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyo Mlango wa 403 katika sheria zetu, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo, lakini msingi wake haujaondoka. Kwa sheria hiyo, gari la biashara ni gari lenye injini lililoundwa, au lililobadilishwa, ili libebe bidhaa au mzigo wa namna yoyote kwa ajili ya biashara, kazi au kilimo. Tafadhali liangalieni vizuri hilo neno la mwisho, kilimo. Mkulima wa Kinangop akipakia viazi vyake mwenyewe katika pikapu yake mwenyewe na kuvipeleka sokoni, hakumtoza mtu nauli wala kodi ya kubebewa mzigo. Hata hivyo pikapu ile ni gari la biashara, kwa sababu iliundwa kwa mizigo, na mzigo ule ni wa kazi yake.

Sasa geukeni upande wa pili. Matatu, ambayo huchukua nauli tangu alfajiri hadi usiku, kwa lugha ya sheria haimo katika fungu hilo. Matatu, basi na teksi zina fungu lao lenyewe, nalo ni magari ya uchukuzi wa umma, yaani magari yachukuayo watu kwa malipo. Hivyo basi, pikapu isiyotoza mtu senti moja ni gari la biashara, na matatu inayotoza kila mtu ni gari la uchukuzi wa umma. Mwenye kuelewa jambo hilo moja ameelewa nusu ya hotuba hii. Katika sheria yetu gari la biashara ni gari la mizigo, na faida ya fedha siyo inayoliweka katika fungu hilo.

Ndani ya fungu la magari ya watu mna mgawanyo tena. Sheria yasema kwamba matatu ni gari la uchukuzi wa umma lenye nafasi za abiria wasiozidi 25, dereva asihesabiwe. Likizidi hapo, laitwa basi. Teksi nayo imetengwa peke yake. Wazee wetu wajua kwamba jina la matatu latokana na senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, iliyokuwa nauli ya zamani katika mitaa ya Nairobi. Magari yale yalifanya kazi miaka mingi pasipo idhini, yakikimbizwa na askari. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu yachukue watu pasipo leseni za Bodi ya Leseni za Uchukuzi, na mwaka 1984 neno "matatu" likaingizwa katika Sheria ya Trafiki. Twaona hapo kwamba mafungu ya magari hayakushuka kutoka mbinguni. Huwekwa na watu, na watu huyabadilisha wanapoona haja.

Vijana huenda wakauliza, Serikali ilianza lini kujishughulisha na mambo haya, na kwa sababu gani? Jibu lake lapatikana katika reli. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu sasa, mwaka 1901, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Baadaye malori yalipoanza kubeba mizigo sambamba na reli, wakuu waliogopa kwamba mizigo yenye malipo mazuri itahamia barabarani. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1933 ilikwisha kugawa wenye malori katika leseni tatu: herufi A kwa abebaye mizigo ya watu kwa malipo, herufi B kwa abebaye mizigo yake na ya wengine pia, na herufi C kwa abebaye mizigo yake tu. Hapa Kenya sheria ya leseni za uchukuzi ilitungwa mwaka 1937, ikaanzisha ile Bodi ambayo wengi mwaikumbuka kwa herufi T.L.B. Sheria hiyo ilifutwa na sheria ya mwaka 2012 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ambayo leo huangalia leseni na usalama wa magari. Basi hapo zamani swali kubwa lilikuwa: lori hili lainyang'anya reli mzigo wa nani? Siku hizi swali kubwa ni hili: gari hili laweza kumdhuru nani, na likimdhuru, nani atalipa?

Sasa twafika kwenye uzito, maana magari ya biashara yenyewe hugawanywa kwa uzito. Hapa twaomba subira yenu, kwa sababu kuna namba mbili zinazofanana, na watu wengi huzichanganya.

Namba ya kwanza ni kilo 3,048. Hiyo ndiyo mpaka kati ya gari la biashara la kawaida na gari zito la biashara. Wengine hushangaa kwa nini Serikali haikuandika 3,000 ikamaliza. Sababu ni kwamba mpaka huo ni wa tani 3 za Kiingereza. Tani moja ya Kiingereza ni ratili 2,240, ambazo ni kama kilo 1,016. Zidisha kwa 3, utapata 3,048. Vipimo vilibadilika, mpaka haukusogea. Na uzito unaopimwa hapo ni uzito wa gari likiwa tupu, bila shehena. Gari la biashara ambalo likiwa tupu lapita kilo 3,048 sharti lifungwe kidhibiti mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa. Amri hiyo ilitolewa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004, nayo yayahusu magari ya uchukuzi wa umma vilevile. Wakati huo huo ndipo matatu zilipoamriwa kuwa na mikanda ya usalama na mstari wa manjano ubavuni.

Namba ya pili ni kilo 3,500. Hii ni ya mizani zilizo katika barabara kuu, kama zile za Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye na Busia. Sheria ya udhibiti wa mizigo ya magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 yataka kila gari la mizigo la uzito wa kilo 3,500 au zaidi lipite mizanini. Lakini uzito huo ni wa gari pamoja na shehena yake, si wa gari tupu. Tutoe mfano. Lori dogo lina kilo 2,800 likiwa tupu. Kwa namba ya kwanza hilo si gari zito. Lakini likipakiwa magunia ya kilo 3,000, uzito wote ni kilo 5,800, na dereva wake hana ruhusa ya kuipita mizani kama mtu asiyehusika. Mwenye kujua namba moja na kusahau nyingine ataingia taabuni hali anajiona yu salama.

Juu ya uzito wa jumla kuna uzito wa kila ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu ya kushoto na ya kulia. Kwa sheria hiyo ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele yenye usukani haitakiwi kukandamiza barabara kwa zaidi ya tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ina tani 10. Ekseli mbili zilizokaribiana zina tani 18, na tatu zilizokaribiana zina tani 24. Gari lenye ekseli nyingi kabisa, likiwa na trela yake, halitapita tani 56. Kwa hiyo lori la ekseli mbili haliwezi kuruhusiwa zaidi ya tani 18 kwa jumla, nane mbele na kumi nyuma. Na kama mtengenezaji wake ameandika uzito mdogo kuliko huo, basi hufuatwa ule wa mtengenezaji. Dereva aliyepakia magunia yote nyuma kabisa aweza kukutwa na kosa hata kama uzito wote wa gari lake ni halali, kwa sababu ekseli ya nyuma imeonewa.

Mtu aweza kudhani kwamba tani moja au mbili za ziada si kitu. Huko Marekani, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walijenga barabara za majaribio na kuendesha malori juu yake tangu mwaka 1958 hadi 1960. Waligundua kwamba uharibifu wa barabara haukui sawasawa na uzito. Ukiuzidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, bali wakaribia mara kumi na sita. Kwa hesabu hiyo, ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 huumiza barabara kama mara mbili. Mzigo umeongezeka kwa sehemu moja tu katika tano, na barabara imeharibika maradufu. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Barabara tunayopita kwenda kuwazika wazee wetu huchimbika kwa namna hiyo hiyo.

Leseni za madereva nazo hufuata mafungu haya. Kwa kanuni za mwaka 2020, herufi A ni ya pikipiki, B ni ya magari madogo, C ni ya malori, na D ni ya magari ya abiria. Mwenye leseni ya B tu, hata akiwa kijana hodari na mcha Mungu, hana ruhusa ya kuendesha lori la chama, wala mwenye C hana ruhusa ya kuchukua abiria wa nauli kwa sababu tu amezoea gari kubwa. Na magari ya biashara na yale ya uchukuzi wa umma hupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Twayataja haya ili mweka hazina ayahesabu mapema, maana bei ya gari si mwisho wa gharama yake.

Bwana Mwenyekiti, hadi hapa tumesema habari za vyuma na namba. Sasa yatupasa kusema habari za watu.

Bima ya gari hufuata kazi ya gari. Sheria ya bima ya magari, Mlango wa 405, yamlazimisha kila mwenye gari awakinge watu wengine ambao gari lake laweza kuwaua au kuwajeruhi barabarani. Lakini kwa wale waliomo ndani ya gari lenyewe, sheria hailazimishi kinga hiyo kwa kila gari. Hulazimisha pale gari linapochukua abiria kwa malipo, au watu wanaochukuliwa kwa mkataba wa kazi yao. Ndiyo sababu cheti cha bima huandikwa aina ya gari na kazi yake. Mwenye lori akikata bima ya mizigo, amemwambia mwenye bima: "Nyuma ya gari langu mtakuwa na magunia." Bei ya bima yake ilipimwa kwa neno hilo.

Wengi wenu mwakumbuka safari moja ya mazishi ya miaka michache iliyopita. Hatutaitaja njia, wala mwenye lori, wala kampuni ya bima. Lori lilikodiwa kwa mfanyabiashara mmoja. Mabenchi yaliwekwa nyuma, turubai ikafungwa juu, na jeneza likawa katikati ya watu. Mvua ilinyesha usiku, lori likateleza na kulala mtaroni. Hakufa mtu, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Lakini watu kadhaa waliumia, na mama mmoja wa chama hiki alivunjika nyonga. Hadi leo hutembea kwa mkongojo.

Ofisi hii iliandika barua kwa kampuni ya bima kwa niaba yake. Jibu lilikuja na mistari michache. Walisema kwamba gari lile lilikatiwa bima ya kubeba mizigo, na kwamba aliyeumia alikuwa abiria, kwa hiyo hawakuwa na deni kwake. Mwanasheria mmoja alituambia kwamba shauri la namna hiyo laweza kubishaniwa miaka mingi, na mama hakuwa na fedha za miaka mingi. Mwenye lori naye hakuwa na mali ya kutosha kulipa. Sisi ndio tuliokwenda kumsomea mama barua ile nyumbani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wanangu, kumbe ningekuwa gunia ningelipwa?"

Twawaambia kweli kwamba swali lile limekaa katika ofisi yetu kuliko barua yoyote. Maana lilikuwa swali sahihi. Gunia la mahindi lililo safarini laweza kukatiwa bima, na likipotea mwenyewe akalipwa. Mtu aliyepita kando ya barabara, akigongwa na lori lile, angekuwa na njia ya kudai. Yeye aliyekaa juu ya benchi ndani ya lori, akimsindikiza ndugu yake kaburini, hakuwa mzigo wala hakuwa mpita njia. Katika vyeti vya gari lile hapakuwa na mstari hata mmoja uliomhesabu. Gharama za hospitali zililipwa na mama mwenyewe, na wanawe, na chama hiki, kama hesabu za mwaka ule zilivyoonyesha.

Kuna wasemao, "Lakini lori la chama litakuwa letu wenyewe, na hatutatoza nauli. Tutachanga mafuta tu." Twawaomba wafikiri tena. Fedha inayotolewa na kila apandaye, hata tukiiita mchango, yaweza kuhesabiwa kuwa nauli. Na hata pasipo kutoa kitu, lori halijawa gari la watu kwa kuwa mwenyewe ni chama. Lori halina viti vilivyofungwa, halina mikanda, halina paa la kuwakinga watu likipinduka. Liliundwa kwa mzigo usio na mifupa. Methali yetu husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukiwapanga wazee nyuma ya lori kwa sababu ya kuokoa nauli, sisi tunaoketi mbele na dereva twafanya mzigo wao kuwa kanda la usufi.

Na basi dogo je? Hoja ya wale watakao basi dogo ina uzito wake, nasi hatuidharau. Lakini gari la kuchukua watu kwa malipo lahitaji leseni ya njia, na kanuni za mwaka 2014 zilitaka waendeshaji wawe ndani ya kampuni au chama cha ushirika chenye magari yasiyopungua 30. Sisi twanunua gari moja. Ingetubidi kuliingiza katika kundi la wengine, na siku ya msiba huenda lingekuwa katika kazi ya kundi hilo. Tukilifanya liwe la kuchukua wanachama bure tu, basi siku za kazi litakaa bure nalo, na ada za bima na ukaguzi zitaendelea kudaiwa.

Kwa sababu hizo kamati yaleta mapendekezo matatu, nanyi mna hiari ya kuyakubali au kuyakataa.

Kwanza, gari litakalonunuliwa liwe gari la mizigo, lori dogo ambalo likiwa tupu halipiti kilo 3,048, lisajiliwe na kukatiwa bima kama gari la biashara, kwa jina lake la kweli na bila kuficha kitu. Libebe mazao na vifaa vya wanachama kwa bei tutakayokubaliana. Siku ya msiba libebe jeneza, hema, sufuria na viti. Mbele wakae watu wasiozidi idadi iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na bima yao itajwe waziwazi.

Pili, iwe marufuku mtu yeyote kupanda nyuma ya gari hilo, awe kijana au mzee, awe mwanachama wa kawaida au mjumbe wa kamati. Waombolezaji wasafiri kwa basi au matatu iliyokodiwa, na ofisi ya karani ipewe kazi ya kukagua kabla ya safari leseni ya gari, leseni ya dereva, cheti cha ukaguzi na cheti cha bima, na kuhakikisha kwamba bima hiyo yawahusu abiria hata katika safari ya kukodi.

Tatu, sehemu ya mapato ya lori iwekwe katika mfuko wa nauli za misiba, ili mjane, yatima na mzee asiyejiweza asikose kumzika mtu wake kwa kukosa nauli.

Hatutaki kuwadanganya. Mapendekezo haya yana gharama. Lori moja lililojaa watu lilikuwa rahisi kuliko lori na basi. Mwaka wa kwanza mfuko wa nauli utakuwa mdogo, na huenda katika msiba mmoja wakaenda watu 30 mahali walipokuwa wakienda 60. Kwa desturi zetu hilo ni jambo zito, maana kutokuonekana kaburini huhesabiwa kuwa kutomjali marehemu. Twawaomba wazee, ambao ndio wenye kauli katika mambo ya desturi, watusaidie kuwaeleza watu wa nyumbani kwamba waliobaki hawakubaki kwa dharau, bali nafasi za salama zilijaa.

Mwisho, kwa kila mwanachama atakayenunua gari lake mwenyewe, au atakayekodi la mtu mwingine, twaacha maswali matano ya kujiuliza. Gari hili liliundwa kubeba nini? Likiwa tupu lina uzito gani? Likijaa litakuwa na uzito gani, na kila ekseli itachukua kiasi gani? Dereva wake ana leseni ya herufi gani? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: kila mtu atakayekuwamo ndani yake amehesabiwa katika cheti cha bima, au hakuhesabiwa? Majibu ya maswali mengi kati ya hayo yamo katika kitabu cha gari na katika cheti chenyewe. Msomaji mmoja katika kila nyumba atosha kuyatafuta, na asiyejua kusoma aje ofisini kwetu siku yoyote ya kazi, tutamsomea.

Jambo hili sasa li mikononi mwenu, nasi twaomba kura ipigwe baada ya maswali.